Siku ya Kuzaliwa ya Mwenzi Mwema

Wakatekumeni wengi, hasa vijana waliofika Butembo au Goma na kuona desturi za mjini, huuliza swali hili: je, yafaa Mkristu kufanya karamu ya siku ya kuzaliwa? Keki, mishumaa, nyimbo na makofi, je, si mambo ya Wazungu, au ya matajiri, yasiyomhusu mtu wa kijijini alimaye maharagwe yake? Tena wako wazee wasemao: mtu husifiwa kwa kazi yake, si kwa kuzaliwa kwake, maana siku ile aliyefanya kazi ni mama yake. Neno hilo la wazee lina akili, wala lisitupwe. Litahitajiwa huko mbele.

Kwanza tuyatazame Maandiko Matakatifu. Humo zatajwa karamu za kuzaliwa za wafalme watatu, na hakuna hata moja iliyo njema. Farao wa Misri alifanya karamu siku ya kuzaliwa kwake. Siku hiyohiyo akamrudisha kazini mkuu wa wanyweshaji, naye mkuu wa waokaji mikate akamtundika mtini (Mwanzo, sura ya 40). Mfalme Antioko alikumbukwa siku ya kuzaliwa kwake kila mwezi, na Wayahudi wakalazimishwa kwa ukali kula nyama za sadaka za miungu (Kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 6). Herode naye, mbele ya wakubwa wa Galilaya, alimpa binti mcheza ngoma kichwa cha Yohane Mbatizaji katika sinia (Marko, sura ya 6). Kwa ajili ya hayo Origene wa Aleksandria, mwalimu mashuhuri wa karne ya 3, alifundisha kwamba katika Maandiko haonekani mtakatifu aliyeifanyia karamu siku ya kuzaliwa kwake. Walioifurahia hivyo ni wenye dhambi.

Lakini Kanisa halikusimama hapo. Katika kalenda yake laadhimisha kuzaliwa mara tatu: kuzaliwa kwa Bwana wetu tarehe 25 Desemba, kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni, na kuzaliwa kwa Bikira Maria tarehe 8 Septemba. Watakatifu wengine kwa kawaida hukumbukwa siku waliyokufa, nayo Wakristu wa kale waliita siku hiyo ya kufa “siku ya kuzaliwa”, yaani kuzaliwa mbinguni. Mwenye heri Anuarite Nengapeta, sista mzalendo wa Kongo aliyefundisha watoto shuleni, alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939. Lakini sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba, kwa kuwa usiku wa kuamkia tarehe hiyo, mwaka 1964, aliuawa huko Isiro. Basi siku ya kuzaliwa si chukizo. Shauri ni hili: yafanywa kwa moyo gani, na ni nani anayekumbukwa?

Na turudi kwa Farao, maana nyuma ya karamu ile yuko mtu ambaye wasomaji wengi humpita haraka. Mnyweshaji na mwokaji, kabla ya siku hiyo, walikuwa gerezani. Humo mlikuwa na kijana wa Kiebrania, Yosefu mwana wa Yakobo, mfungwa kama wao, aliyepewa kazi ya kuwahudumia. Asubuhi moja aliingia akawaona nyuso zao zimekunjamana. Angeweza kuweka maji na chakula akatoka. Hakuna aliyemwamuru kutazama nyuso za watu. Lakini aliwauliza: mbona leo mna huzuni? Hapo ndipo walipomweleza ndoto zao. Yosefu alimfunulia mnyweshaji kwamba baada ya siku tatu atarudishwa kazini, akamwomba jambo moja tu: mambo yatakapokuwa mema kwako, unikumbuke. Siku ya tatu ikafika, ikawa siku ya kuzaliwa ya Farao. Kikombe kikarudi mikononi mwa mnyweshaji, karamu ikafanyika, watu wakala na kunywa. Na Yosefu? Alisahauliwa. Alikaa gerezani miaka miwili mizima zaidi.

Kosa la mnyweshaji halikuwa kula wala kunywa. Alimsahau mtu aliyemwuliza habari ya huzuni yake.

Na tuwaze sasa shule ya msingi ya misioni, huko Kanyabayonga. Mji huo uko juu milimani, katika barabara kuu itokayo Goma kwenda Butembo, pale njia imalizapo kupanda kutoka uwanda wa Rwindi; mtu akisimama ukingoni huona mbuga ya Virunga chini yake, na kwa mbali Ziwa Edward. Tarehe 28 Juni 2024 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na maelfu ya watu wakakimbia kuelekea kaskazini. Katika shule tunayoiwaza yumo mama mmoja, mwalimu wa darasa la kwanza. Siku ya kukimbia, watu walipobeba magodoro na masufuria, yeye alifunga ndani ya kitenge chake daftari la majina ya wanafunzi. Aliporudi aliwaita watoto kwa majina yao, mmoja mmoja, na pale ambapo jina halikuitikiwa aliuliza kwa jirani, akauliza tena kesho yake. Mwalimu mwenzake akiugua, huyo mama hufundisha madarasa mawili, mlango wa kati ukiwa wazi. Chaki ikipungua, huivunja yake vipande viwili. Hasemi sana. Watu wa namna hiyo husahauliwa upesi, kwa sababu hawadai.

Wenzake walikubaliana: mwaka huu tumfanyie sikukuu ya kuzaliwa, nasi tutaoka keki kwa mikono yetu wenyewe. Mara wakakwama. Tarehe gani? Hakuna aliyejua, wala mama mwenyewe hakujua. Kadi yake yasema tu: alizaliwa mnamo mwaka 1977.

Asione mtu haya kwa jambo hilo. Wanande tangu zamani waliangalia zaidi nafasi ya mtoto katika nyumba kuliko tarehe. Mtoto wa kiume wa tatu huitwa Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Ukisikia jina, wajua ni wangapi waliomtangulia. Ni hesabu njema, ila haitaji siku. Mwaka nao hukumbukwa kwa mambo makubwa: huyu alizaliwa mwaka wa Uhuru, yaani 1960, yule, mlima Nyiragongo ulipowaka, nao uliwaka tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Siku hizi desturi hiyo haitoshi. Sheria ya jamaa ya Kongo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yataka kila mtoto aandikishwe kwa mwandishi wa serikali katika siku 90 tangu kuzaliwa kwake. Wazazi wanaosoma habari hii wasingoje mtoto aende shule ndipo waanze kuitafuta karatasi, kwa maana asiye na karatasi husumbuka kila mahali, na zaidi sana wakati wa kukimbia.

Walimu wakaenda kwanza kwa mama mzazi wa mwenzao, bibi mzee sana. Yeye alisema: “Nilimzaa mwaka ule Nyiragongo ulipoua watu, wakati wa kupanda maharagwe. Mvua ilikuwa nyingi. Siku yenyewe, wanangu, mimi nilikuwa na kazi nyingine, sikuihesabu.” Wakacheka wote. Kisha wakaenda misioni, na kitabu cha ubatizo kikafunguliwa. Huyo mama alikuwa mkatekumeni kama ninyi, akabatizwa akiwa msichana mkubwa. Penye nafasi ya kuzaliwa pameandikwa mwaka peke yake. Lakini penye ubatizo pameandikwa kwa wino mweusi: usiku wa Pasaka, tarehe 15 Aprili 1995.

Basi walimu wakasema: hiyo ndiyo siku yake. Na walisema vema. Bwana wetu alimfundisha Nikodemo kwamba yapasa mtu azaliwe kwa maji na kwa Roho (Yohane, sura ya 3). Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliwahimiza Wakristu mara nyingi waitafute tarehe ya ubatizo wao na kuikumbuka kila mwaka. Alisema wasioijua wakaulize nyumbani. Hata hivyo pana jambo moja la kuangalia. Pasaka huhama mwaka hata mwaka. Tarehe iliyoandikwa kitabuni haihami. Mwaka mwingine 15 Aprili huangukia ndani ya Juma Kuu, na hapo haifai kuoka keki na kupiga makofi. Karamu isogezwe hata baada ya Pasaka.

Mchango ukaanza. Mmoja wa walimu, kijana mchangamfu, alitangulia wengine wote: akatoa faranga 5,000 mezani, akasema inunuliwe na soda. Mkuu wa shule, ambaye huko huitwa direkta, hakusema neno mbele ya watu. Jioni alimwita kando: “Ndugu mwalimu, je, zile faranga 40,000 za Mama zimekwisha?” Kijana akainama. Tangu mwanzo wa mwaka wa masomo alikuwa amekopa fedha kwa huyo mama, mtoto wake alipolazwa hospitalini, na hakuwa amerudisha hata moja. Mama hakumdai. Kila asubuhi walisalimiana, naye kijana alijifunza kutazama upande mwingine.

Hapa ndipo moyo wa jambo lote. Kumpikia keki mtu unayemnyima haki yake, je, si kumfunga mdomo kwa sukari? Atakatwa kipande, ataimbiwa, naye mbele ya watu hataweza hata kufikiri juu ya deni lake. Bwana wetu alisema kwamba aletaye sadaka altareni, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende kwanza kupatana na ndugu yake (Mathayo, sura ya 5). Kama ndivyo ilivyo kwa sadaka ya altare, sembuse keki?

Kijana akachukua zile faranga 5,000, akaongeza 15,000 alizokuwa ameweka kwa ajili ya viatu, akaenda nyumbani kwa mama usiku huo. “Mama Mwalimu, nimeleta nusu. Nimekuwa nikikukimbia.” Mama hakusema, acha tu, si kitu. Fedha ile ilikuwa kitu. Alikuwa na watoto. Alizihesabu noti moja moja, akazifunga, akasema: “Asante, mwanangu. Nusu nyingine utaleta mwezi ujao. Na mtoto, kikohozi kimepona?” Wengine huona kwamba angemsamehe deni lote. Huenda, lakini kupokea kilicho chako bila uchungu nako ni wema, na kijana alitoka mle amenyoka mgongo kuliko kama angesamehewa.

Fedha ya mchango hakuwa nayo tena. Akaleta mkaa, na mikono yake.

Sasa juu ya keki yenyewe, ambayo wengine huiita gato kwa kufuata Kifaransa. Watu hudhani kwamba bila tanuri na umeme haiwezekani. Lakini mkate ule ambao malaika alimwekea nabii Eliya kichwani pake, alipolala jangwani akitamani kufa, uliokwa juu ya makaa (Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19), nao ulimtia nguvu za safari ya siku arobaini. Walimu wa Kanyabayonga walifanya hivi. Waliponda ndizi mbivu 3, wakazipigapiga pamoja na mayai 3, sukari robo tatu ya kikombe, na mafuta ya kupikia nusu kikombe. Wakachekecha vikombe 2 vya unga wa ngano pamoja na vijiko vidogo 2 vya unga wa kuumulia uuzwao dukani, kijiko cha pili kikiwa kimepungua kidogo; kwa sababu juu milimani hewa ni nyepesi, keki huumuka kwa haraka kisha hushuka katikati kama paa bovu. Wakauchanganya unga na yale ya majimaji polepole, bila kukoroga sana. Wakatwaa sufuria kubwa, wakatandika ndani mchanga mkavu uliochekechwa, na juu ya mchanga vijiwe vitatu, na juu ya vijiwe sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kunyunyizwa unga, nayo keki ndani yake. Wakafunika. Makaa machache yakakaa chini, mengi juu ya kifuniko, maana moto wa chini ukizidi, keki huungua kabla ya kuiva juu. Baada ya kama saa moja walichoma kijiti safi katikati. Kilipotoka kikavu, keki ilikuwa tayari.

Aliyepepea makaa alikuwa yule kijana. Kwa bidii yake alirundika mengi upande mmoja, na upande huo ukawa mweusi. Wakaukwangua kwa kisu. Mwalimu wa darasa la tano alisema kwamba sasa inafanana na mlima wenyewe, wakatuliza vicheko vyao kwa shida, kwani mama alikuwa darasani ng'ambo ya ukuta.

Likabaki shauri la watoto. Keki moja haiwezi kugawanywa kwa watoto sitini, na kula keki mbele ya watoto wenye njaa ni jambo baya, afadhali isiokwe. Kwa hiyo siku iliyotangulia walimu walikuwa wamechemsha sufuria mbili za viazi vitamu, na saa ya mapumziko kila mtoto wa darasa la kwanza alipata kipande, bila kuelezwa sababu. Keki ililiwa baada ya kengele ya mwisho, watoto wakiisha kwenda zao.

Mama alipoitwa katika chumba cha direkta alidhani kuna neno baya. Akamkuta mama yake mzazi ameketi kwenye kiti kikubwa, naye bibi alikuwa amevaa kitenge kipya. Hapo lile neno la wazee likapata mahali pake: siku ile aliyefanya kazi ni mama. Hapakuwa na mishumaa ya rangi, ile iliyozoelewa Ujerumani tangu karne ya 18, mmoja kwa kila mwaka wa umri. Palikuwa na mshumaa mmoja mweupe, mfupi, uliobaki nusu: mshumaa wa ubatizo wa mama mwenyewe, ambao bibi alikuwa ameuweka sandukuni miaka yote, na siku ya kukimbia aliubeba kifuani. Bibi aliuwasha kwa kiberiti, mkono wake ukitetemeka.

Wakaimba. Wimbo wa siku ya kuzaliwa uimbwao duniani pote ulianzia shuleni: ulitungwa na dada wawili wa Louisville, Marekani, Mildred na Patty Hill, ukachapishwa mwaka 1893 kuwa wimbo wa mwalimu wa kuwaamkia watoto asubuhi. Maneno ya kuzaliwa yalitiwa baadaye. Walimu wa Kanyabayonga waliuimba kwa Kifaransa, kisha wakaimba wimbo wa Kinande ambao bibi aliujua, na huo ulikuwa mtamu zaidi. Maji hawakumwagiana. Katika Kenya, na hata katika miji ya Kongo, vijana humwagia maji mwenye sikukuu mpaka alowe. Ni mchezo tu, lakini haufai kwa mtu mzima aliyevaa nguo yake ya Misa, wala mahali ambapo maji hupandishwa mlima kwa kichwa.

Mama alipewa kisu akate. Desturi ya mahali pengi ni kwamba mwenye sikukuu huwalisha wengine kwa mkono wake. Kipande cha kwanza alimlisha mama yake. Cha pili alikipeleka nje, kwa mzee alindaye lango la shule usiku, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwalika. Wote wakatazama chini, kisha direkta mwenyewe akatoka kwenda kumleta mzee ndani, akampa kiti chake. Kipande cha tatu mama alimlisha yule kijana, nao ulikuwa upande ulioungua.

Ninyi wakatekumeni, jina lenu bado halijaandikwa katika kitabu cha ubatizo. Nafasi yake ingali nyeupe. Kabla ya mafundisho ya juma lijalo, kila mmoja amwulize mama yake, au shangazi, au mzee yeyote aliyekuwapo: nilizaliwa lini? Asiyepata siku, atafute mwezi. Asiyepata mwezi, aulize kulikuwa na mvua au jua, walikuwa wakipanda au wakivuna, mlima uliwaka au la, watu walikuwa nyumbani au wamekimbia. Aulize pia ni nani aliyempokea mtoto siku ile, kama ni mkunga au jirani, na kama mtu huyo angali hai. Yaandikwe yote katika karatasi, hata kwa mwandiko wa mtu mwingine, nayo karatasi iletwe kwa katekista.